Mkilua wa Chumba cha Kioo

Habari hii aliniletea Lois, binti wa jirani yetu, alipokuja likizo Disemba iliyopita. Tulikuwa jikoni tunapukuchua mahindi, nje mvua, na mtu anapopukuchua mahindi maneno hayamkatiki. Yeye naye aliipata kwa Damaris mwenyewe, maana ni marafiki huko Dubai, na siku yenyewe asubuhi walikuwa pamoja. Naieleza kama nilivyoipokea.

Damaris ni mtu wa Nyamira. Kabla ya kuvuka alifanya kazi miaka saba kwenye mashamba ya maua Naivasha, ndani ya yale mabanda ya nailoni ambamo mtu huingia mkavu akatoka kama aliyeoga. Alikwenda Dubai kufanya kazi za nyumbani kama wenzake, kufua, kupika, kupiga deki. Lakini ajenti aliandika kwenye karatasi zake kwamba anajua kutunza maua, na neno hilo moja ndilo lililompeleka Al Twar, kwa Bi Ghania.

Bi Ghania ni mzaliwa wa Unguja. Familia yake ilihamia huko Arabuni zamani, yeye akiwa msichana, na sasa ana miaka themanini kasoro. Ni mjane, anakaa na mwanawe Raed. Siku ya kwanza Damaris alimwita madam, kama alivyofundishwa.

"Madam nani?" Bi Ghania akasema. "Mie si Mzungu. Niite Bibi, khalas."

Nyumba yenyewe ni kubwa, nyeupe, ya ukuta mrefu, sawa na nyingine za mtaa ule. Ila nyuma ina kitu ambacho jirani hana. Ina chumba kizima cha kioo, ukuta kioo, paa kioo, chuma chake kimepindwapindwa kama kimia na kupakwa rangi nyeupe, na sakafu ni vigae vyekundu na vyeusi.

Aliyekijenga ni marehemu mume wa Bi Ghania, akiitwa Mohdhar. Ujanani alisoma uinjinia Uingereza, akapanga chumba katika jumba kuukuu la enzi za Malkia Viktoria, lenye ngazi zinazolia na vyumba vingi kuliko watu. Nyuma ya jumba hilo kulikuwa na chumba cha kioo. Matajiri wa wakati ule, Lois anasema, walivipenda sana vyumba hivyo. Waliletewa kwa meli mimea ya nchi za joto, migomba, michikichi, milimau, kangaga, wakaifungia humo. Chini ya sakafu likawekwa tanuri, na mabomba ya maji moto yakazunguka chumba kizima usiku kucha mimea isife kwa baridi. Palikuwa na mtu kabisa ambaye kazi yake ilikuwa kuamka usiku kulisha lile tanuri makaa. Mabibi wenyewe waliingia mchana na vikombe vya chai, wakakaa chini ya mgomba wakijiona wako safarini.

Sasa fikiri huyu kijana wa Unguja, theluji imemfika magotini, anachungulia kwenye kioo anaona mgomba. Alisimama pale mpaka mwenye nyumba, kizee wa Kizungu asiye na mtoto, akamhurumia akampa ufunguo. Majira yote ya baridi Mohdhar alisomea humo vitabu vyake.

Alipopata riziki yake Dubai, akasema na yeye atajenga chake. Injinia mwenzake alijaribu kumzuia. "Bwana, kule chumba hicho wanakijenga kulikamata jua. Hapa jua ndilo linatukamata sisi." Mohdhar hakusikia. Akaweka viyoyozi viwili vikubwa, akajaza mimea. Kwa hiyo kule Uingereza mtu aliamka usiku kulisha moto, na hapa Al Twar mtu anaamka kabla ya adhana kulisha baridi. Na mtu huyo, kwa miaka sita, ni Damaris.

Kazi ile hairuhusu mtu kujisahau. Saa kumi alfajiri alikuwa macho, anajaza ndoo nane na kuzipanga chini ya meza ili maji yakae yazoee chumba. Mwezi wa tano ukifika alipanda ngazi akapaka chokaa juu ya kioo kulipunguza jua, kama walivyofanya Naivasha. Saa tano alishusha mapazia ya mianzi. Saa sita, tena saa nane, alimwaga maji sakafuni, wala si kwenye mimea, sakafuni, ili unyevu upande wenyewe kwenye majani. "Sakafu inywe, mmea unuse," ndivyo alivyofundishwa na nyapara wake Naivasha. Na katikati ya hayo kuna nyumba ya kufagia, nguo za kupiga pasi na chakula cha kupika, maana chumba cha kioo hakikumwondolea kazi nyingine hata moja.

Uchovu wake haukuwa ule wa kulala usiku mmoja ukaisha. Anasema ulikuwa umeingia kwenye viganja. Alikuwa akishika kikombe anakiangalia kwanza, ajue amekishika kweli.

Ndani ya chumba kile mimea ilikuwa mingi, lakini mwenye chumba alikuwa mmoja, mkilua. Wa pwani wanaujua. Maua yake hayana umbo la kumshangaza mtu, yananing'inia kama vitambaa vilivyochanika, lakini harufu yake ikiingia nyumbani mtu huacha analosema. Mabibi wa Unguja huyafunga pamoja na asumini na rehani wakavaa. Mohdhar aliuleta mwenyewe kutoka kwao, mche umefungwa kwenye gunia bichi, akaupanda kwenye chungu kikubwa kando ya kiti chake cha henzirani. Kiti hicho tangu afe hakikukaliwa. Bi Ghania hukaa kingine, anakiangalia kile.

Huo mkilua ndio uliokuwa kufuli ya Damaris. Kwa mkataba alistahili kwenda kwao kila baada ya miaka miwili. Alikwenda mara moja. Mara ya pili ilipofika, aliletwa msichana wa kumshikia nafasi, na wiki ya kwanza tu kangaga zikaungua kama karatasi. Bi Ghania akasema, "Subiri kidogo, mwanangu, tutafute mwengine." Kidogo ikawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Hakumfokea wala hakumnyima chakula. Alimwomba tu, na ombi la mtu mzima anayekuita mwanangu ni gumu kuliko amri.

Huku Nyamira, Damaris alikuwa amemwacha binti yake Caren kwa mama yake. Alipomwona mara ya mwisho alikuwa na miaka sita. Sasa ana kumi. Kwenye simu Caren anamwita bibi yake Mama, na huyu Damaris aliyemzaa anamwita Mama wa Dubai, kama vile mtu anavyosema mama wa shuleni au mama wa dukani. Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyojua.

Basi Agosti ya mwaka huo Raed akakata tiketi, Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Akaletwa Eseza, msichana kutoka Jinja huko Uganda, moja kwa moja toka uwanja wa ndege, hajawahi kuvuka mpaka. Sharti la Bi Ghania lilikuwa moja. Siku kumi Eseza akae na Damaris ajifunze. Mkilua ukiwa mzima, Damaris aende. Ukipata lolote, tiketi isogezwe.

Eseza alikuwa na mikono mizuri. Damaris aliliona hilo siku ya pili, alivyogusa jani kwa mgongo wa kidole badala ya kulibana. Akamfundisha yote. Jinsi ya kusikiliza kiyoyozi kama kinakoroma. Chokaa. Mapazia. Jinsi ya kubonyeza udongo. Kila asubuhi Eseza alikuta ndoo nane zimejaa, na ya tisa, ya kuogea, imejaa vilevile mlangoni kwake, maana Damaris alikuwa ameamka kabla yake na mkono wake umeshazijaza.

Siku ya nane ikawa Ijumaa. Damaris akamwambia, "Leo nakuachia. Naenda Satwa, nitarudi saa nane. Saa sita unamwaga nini?"

"Maji kwa sakafu."

"Na mkilua?"

"Mkilua unuse tu, dada."

"Vizuri. Vaa glovu, kuna miiba kwenye milimau."

Akaenda. Satwa kulikuwa na fundi cherehani anayemshonea Caren gauni, na Lois alikuwa amemsubiri hapo tangu saa nne. Fundi alikuwa ameshona kwa kufuata kamba. Mama yake Damaris alikuwa amempima mtoto kwa kamba ya katani, akapiga fundo begani, fundo kiunoni, fundo gotini, akampa mtu aliyekuwa anasafiri. Lakini kamba ile ilikuja Januari.

"Huyu mtoto amekula tangu Januari?" fundi akauliza.

"Amekula," Damaris akasema.

"Basi nimeongeza vidole vinne chini. Watoto hawaingoji kamba."

Damaris akalikunja gauni polepole. Lois alimtazama jinsi kichwa kilivyokuwa kinamdondoka akiwa amesimama, kama kuku mwenye mdondo.

"Wewe," Lois akamwambia, "kwenye ndege utalala hivyo. Watashusha watu wote Nairobi, watakufagia chini, utaamkia Dubai tena."

"Wakinirudisha nitalala pia. Siti ni siti."

"Na huyo Muganda ataweza?"

"Ataweza. Nimemwambia kila kitu."

Akasema hivyo akapanda basi.

Al Twar alifika saa nane na robo. Nyumba ilikuwa kimya, Raed na mkewe wamekwenda kwa wakwe baada ya swala, Bi Ghania chumbani kwake amelala kailula. Damaris alipofungua mlango wa kioo, pua ndiyo iliyomwambia kwanza. Ilikuwa harufu ya mchicha uliochemshwa.

Eseza alikuwa amesimama katikati, glovu mikononi, mpira wa maji umelala miguuni pake kama nyoka aliyeshiba. Mpira ule ulikuwa umefungwa kwenye bomba lenye alama ya buluu. Chungu cha mkilua kilikuwa kinachuruzika, na mkilua wenyewe umeteremsha majani yote, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Dada, karibu," Eseza akasema. "Ndoo ziliisha. Nilimwaga kwa sakafu mara mbili, kama ulisema. Halafu nikaona huu majani yake yanalegea kidogo, nikauonea huruma. Nikafungulia bomba ya baridi, nikaunywesha kabisa. Sasa ona, imelegea zaidi."

Damaris akainama, akaweka kidole kwenye maji yanayotoka chini ya chungu. Akakiondoa haraka.

Mtu aliyekaa Dubai hata kiangazi kimoja anajua jambo hili. Matangi ya maji yako juu ya paa. Agosti yanapikwa na jua mchana kutwa, na bomba la buluu, ambalo duniani kote ni la baridi, hutoa maji ya kunyonyolea kuku. Watu huzima hita ya maji mwezi wa sita, maji yakae ndani ya nyumba yapoe humo ndani ya hita, halafu wakitaka ya baridi hufungulia jekundu. Mambo yamegeuzwa juu chini. Damaris alifanya hivyo kila alfajiri miaka sita. Hakumwambia Eseza kwa sababu mtu hamfundishi mwenzake namna ya kumeza mate. Na Eseza, kwa siku nane, alikuwa akioga na kumwagilia maji ya ndoo ambayo mwenzake ameshayachota. Glovu nazo zikamficha moto.

"Vua glovu," Damaris akasema. "Weka mkono hapa."

Eseza akaweka, akauondoa. Akaelewa bila kuambiwa. Akakaa chini vigaeni, akajifunika uso kwa khanga.

"Nimeua mti ya watu."

"Nyamaza kwanza nifikiri."

Damaris akafikiri. Na aliyoyafikiria alimweleza Lois bila kuficha, ndiyo maana na mimi ninayajua.

Naivasha aliwahi kuona mawaridi yaliyoungua mizizi. Mmea haufi siku hiyo. Ukiupa maji mazuri jioni, ukaufunika, kesho unainuka kidogo, kesho kutwa unakaa, unakudanganya. Siku ya nne au ya tano ndipo unaanguka moja kwa moja. Leo Ijumaa. Ndege ni Jumatatu. Akinyamaza tu, akiusogeza mkilua kivulini na kusema joto la leo lilizidi, atakuwa jikoni kwa mama yake siku mkilua utakapokauka. Na utakauka mkononi mwa Eseza. Eseza atafokewa, pengine atarudishwa kwa ajenti, lakini si ndiye aliyefungua bomba? Si uongo. Hata Mungu akiulizwa, aliyefungua bomba ni Eseza.

Alikaa na wazo hilo muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Gauni la Caren lilikuwa begani mwake kwenye mfuko. Eseza chini analia bila sauti, miguu ameikunja, na visigino vyake vilikuwa na nyufa za udongo wa kwao ambazo hata siku nane za vigae hazikuwa zimeziondoa.

Damaris akaweka mfuko juu ya meza.

"Inuka," akasema. "Nenda jikoni ulete chupa za maji ya kunywa, zile tupu, zote. Na kisu. Na ndoo mbili za bomba jekundu. Umesikia? Jekundu."

"Nimesikia, dada."

Wakaung'oa mkilua kwenye chungu, wawili, mmoja ameshika shina mwingine chungu. Wakausuuza mizizi kwa maji baridi mpaka udongo wa miaka yote ukamwagika vigaeni. Mizizi mingine ilikuwa tayari inateleza kama tambi. Damaris akaikata. Akakata na matawi, moja baada ya jingine, akabakiza kisiki cha urefu wa mkono. Matawi yale akayachagua, yale ambayo gome lake bado lilikuwa bichi akayakata vipande vya kiganja kimoja, akavichomeka kwenye vyungu vidogo vya mchanga. Kisha akazikata zile chupa katikati, akafunika kila kipande kwa nusu ya chupa. Vilikuwa kumi na moja. Ukivitazama mezani vilivyopangwa, vilikuwa vyumba vidogo vya kioo ndani ya chumba kikubwa cha kioo.

Ndipo mkongojo ukasikika ukumbini. Bi Ghania alikuwa ameshindwa kulala.

Akasimama mlangoni. Akaona udongo, majani, kisiki ndani ya ndoo, wasichana wawili wametapakaa matope kama wanaotoka kulima.

"Kafa nani?" akasema.

"Mkilua, Bibi."

"Kaufanya nani hivi?"

Eseza akafungua kinywa. Damaris akamtangulia.

"Mimi. Umenyweshwa maji ya bomba la buluu. Eseza ndiye aliyefungua, lakini mimi sikumwambia. Nilimwambia mambo mia, hilo likanipita. Mkono wangu hulifanya wenyewe, kichwa hakijui."

Bi Ghania akaingia taratibu, mkongojo ukigonga kigae chekundu, kigae cheusi. Akakishika kisiki kwa vidole viwili. Akakuna gome kwa ukucha, akatazama kama chini pana kijani. Palikuwa na kidogo.

"Na mti ulioungua mizizi," akauliza, "hufa siku ngapi?"

"Nne. Tano."

"Ndege yako lini?"

"Jumatatu."

Bi Ghania akahesabu kwa kidole gumba kwenye pingili za vidole vyake. Akamtazama.

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Ungekuwa kwenu, unakula ndizi za mamako, mie napigana na huyu hapa."

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa kilokufanya useme nini?"

Damaris akafuta matope viganjani. "Nimechoka, Bibi," akasema. "Kunyamaza nako ni kazi. Ningenyamaza leo, kesho, kesho kutwa, ndani ya ndege, na huko nyumbani ninanyamaza. Nguvu hizo sina."

Kiyoyozi kikakohoa kikaendelea. Bi Ghania akageuka, akakitazama kile kiti cha henzirani, kisha akatazama kile chungu kitupu, kisha akafanya jambo ambalo hawakulitazamia. Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, cha mtu aliyeshikwa.

"Unajua huu mkilua wa ngapi?"

"Wa marehemu, Bibi. Aliouleta toka Unguja."

"Wa tatu. Wa mwanzo alouleta Mohdhar aliuchemsha yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kwa bomba hilohilo. Mwezi kama huu. Injinia mzima, sijui kasoma nini huko kwenye theluji. Wa pili nikauchemsha mie." Akaketi kwenye kiti chake, akashusha pumzi. "Huu wa tatu kanunua hapahapa Dubai, kwa mtu anayeuza miche, akaniambia nisimwambie mtu. Akesha kufa, mie nikawa nasema ni ule wa Unguja. Nimesema mpaka nikasadiki."

Eseza, ambaye alikuwa bado na khanga kinywani, akatoa sauti kama ya kikohozi.

"Wewe cheka tu," Bi Ghania akamwambia. "Umeingia katika ukoo. Nyumba hii hakuna asochemsha mkilua."

Halafu hakucheka tena. Alikaa ameshika jani moja lililomwangukia mapajani. Akasema bila kumtazama Damaris:

"Miaka miwili nakuzuia kwa jina la mti. Na mti wenyewe wa dukani."

Damaris akaegemea meza.

"Mie sikuwa naogopea mti," Bi Ghania akasema. "Nilikuwa naogopa asubuhi nitaamka nisisikie ndoo. Zile ndoo zako, kabla ya adhana. Nikizisikia najua kumekucha na mtu yupo." Akalikunja lile jani. "Basi. Jumatatu utakwenda. Raed nitamwambia mie."

"Na mkilua?"

"Ukifa ukafa. Tutauziwa wa nne. Huyu atanijazia ndoo." Akamgeukia Eseza. "Bomba gani?"

"Jekundu, Bibi."

"Mashaallah. Kasoma siku moja alichosoma mume wangu mwaka."

Damaris anasema alitegemea moyo utaruka. Haukuruka. Furaha ilikuwa pale, aliiona kama mtu anavyoona basi lake limesimama ng'ambo ya barabara, lakini miguu haikutaka kuvuka. Alichukua chupa ya kupulizia ili avilowanishe vile vipande kumi na moja, kwa kuwa mche wa kukata hutaka kupuliziwa kila nusu saa, na huko Naivasha ilikuwa ni kazi ya watu wawili kupokezana.

"Kaa chini," Bi Ghania akamwambia.

"Nikikaa nitalala, Bibi."

"Kaa, nakwambia."

Hapakuwa na pa kukaa. Eseza alikuwa sakafuni. Damaris akavuta kiti cha plastiki cha kupandia, lakini kilikuwa kimejaa udongo. Bi Ghania akanyoosha mkongojo wake, akakigonga mguu kile kiti cha henzirani.

"Hicho hapo. Hakimngoji mtu."

Damaris akakaa ukingoni, kama mtu aliyekaa kanisani kwenye kiti cha wazee. Kiti kikalia kidogo, kikamkubali.

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Juu, chokaa ya kwenye kioo iligeuza jua likawa maziwa. Sakafu iliyolowa ilianza kutoa ule ubaridi wake wa chini kwa chini. Bi Ghania aliendelea kusimulia jambo la jumba lile la Uingereza, la yule mtu aliyekuwa akiamka usiku kulisha tanuri, kwamba Mohdhar alimuuliza yule kizee wa Kizungu jina lake mtu huyo nani, na kizee akasema hakuna aliyelikumbuka. "Chumba wanakikumbuka," akasema Bi Ghania, "mgomba wanaukumbuka…" Neno la mwisho halikufika. Kidevu kilimshuka kifuani, mkongojo ukateleza ukalala kwenye udongo.

Eseza alikuwa ameegemeza kichwa kwenye ndoo tupu. Machozi yamemkauka na chumvi yake. Alipumua mara mbili tatu kwa nguvu, kama mtoto aliyepigwa akabembelezwa, halafu akapumua sawasawa.

Damaris akabaki peke yake macho, chupa ya kupulizia mkononi. Akajiambia atasubiri nusu saa ifike. Akavitazama vile vyungu mezani, kimoja kimoja. Ndani ya kila nusu chupa kulikuwa na ukungu, na ukungu ulikuwa unakusanyika juu, unakuwa tone, tone linashuka ubavuni, linarudi mchangani, na mwingine unapanda. Vilikuwa vinajinywesha vyenyewe. Akatazama tena ahakikishe. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kinamhitaji.

Akavuta mfuko wa gauni akauweka mapajani. Akaegemea mgongo, kiti kikalia, na kabla chupa haijamtoka vidoleni alikuwa amelala.